Pua ya Nazima Rushdi

Sharbati ilikuwa imekwisha kugawiwa jengo zima, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Inshirah, mke wa Abdel-Shafi mpiga pasi, hakuwa mwanamke wa kusubiri. Alipoambiwa tu kwamba binti yake Wiam amechaguliwa kumwigiza mwimbaji Nazima Rushdi katika filamu ya maisha ya mwimbaji huyo, alikoroga sharbati nyekundu kwenye sufuria ya wali, akaazima bilauri za jirani, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya juu akipiga vigelegele kila mlangoni. Mkataba ulikuwa haujaandikwa. Hata wino wake ulikuwa bado dukani.

Mama Zanati wa mlango wa pili aliinywa yote kwa mkupuo mmoja, akauliza, "Wiam gani? Huyu Wiam wetu?"

"Kwani unamjua mwingine?"

"Si ndiye wanayemwita Birika?"

Inshirah akacheka kicheko cha mwenye ushindi. "Ndiye huyo huyo Birika, mpenzi wangu. Na hiyo pua mliyokuwa mkiicheka ndiyo pua ya Nazima Rushdi, Mungu amrehemu. Wametafuta Misri nzima, wameikuta kwangu."

Alisema kweli. Katika mtaa wao wa Sayyida Zeinab watoto walimwita Wiam Birika tangu yuko darasa la kwanza, kwa sababu ya pua yake ndefu yenye nundu katikati, mithili ya mdomo wa birika la chai. Ilikuwa pua ya baba yake, na kabla ya hapo ya mama wa baba yake, Bi Tafida, aliyekuwa akikaa nao na kuivaa pua hiyo kwa majivuno kama watu wengine wanavyovaa dhahabu.

Aliyeigundua ni Haitham, kijana msaidizi wa mwongozaji wa filamu, aliyezoea kuleta mashati yake kupigwa pasi. Siku hiyo Abdel-Shafi alikuwa amejaza maji kinywani tayari kuyapuliza juu ya shati, kama wapiga pasi wa zamani wafanyavyo, Wiam akaingia na chakula cha baba yake. Haitham akapiga kelele: "Simama hapo hapo! Usigeuke!" Abdel-Shafi akashtuka, maji yote yakamwishia Haitham usoni. Yule kijana hata hakujifuta. Alitoa simu, akafungua picha ya Nazima Rushdi akiwa na umri wa miaka kumi na saba, kabla hajawa mwimbaji wa kuwaimbia wafalme, akaiweka karibu na shavu la Wiam. "Subhanallah," akasema. "Fundi, binti yako ni marehemu mtupu."

Abdel-Shafi alikuwa karibu kumpiga kwa pasi.

*

Ofisi ya filamu ilikuwa mtaa wa Dokki, ghorofa ya nane, na lifti ilikuwa inafanya kazi, jambo lililomtia Abdel-Shafi heshima kubwa kwa wenye ofisi. Alivaa suti yake ya harusi. Aliinyoosha mwenyewe mpaka mikunjo ya suruali ikawa ya kukatia jibini. Wiam alikaa kando yake, mikono mapajani, akitazama ukuta.

Ukutani palikuwa na picha kubwa za Nazima Rushdi, na chini ya kila picha ya Nazima palibandikwa ya mwigizaji. Kwanza mtoto mdogo kutoka Mansura, mashavu matupu. Kisha Wiam. Kisha Gilan Zaki, ambaye hata Abdel-Shafi asiyekwenda sinema alimfahamu, maana sura yake ilikuwa kwenye mabango ya sabuni barabara nzima ya kwenda uwanja wa ndege. Mahali pa nne, pa uzeeni, palikuwa patupu.

"Hivi ndivyo binadamu anavyokua, Fundi," akasema Ustadh Murad, mwongozaji, mtu mpole mwenye kukohoa kohoa. "Mtu mmoja, nyuso nne. Bado natafuta kikongwe. Bibi Gilan hataki kupakwa uzee."

"Mungu amzidishie ujana," akasema Abdel-Shafi, kwa kuwa hakujua lingine la kusema.

Mara manukato yakaingia, na nyuma yake Gilan Zaki mwenyewe. Kila mtu akasimama. Alivua miwani ya jua, akatazama ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi kwenye picha ya pili.

"Huyu nani?"

"Huyo ni wewe, bibie," akasema Ustadh Murad. "Kabla hujawa wewe."

"Mimi?"

Haitham akamwonyesha Wiam aliyekuwa amesimama kando ya kiti. Gilan akamkaribia, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza kulia, akamgeuza kushoto, jinsi Inshirah anavyogeuza biringani sokoni kabla ya kuirudisha. Wiam hakupumua.

"Mzuri, maskini, Mungu amlinde," akasema Gilan, na kwa kweli alisema kwa wema. "Lakini Murad, niambie. Hii pua itakwenda wapi? Leo ninayo hii, kesho naingia mimi na hii yangu. Watu watakaa sinema nzima wanatafuta pua."

"Lakini ndiyo pua ya Nazima yenyewe."

"Nazima amekufa. Anayekata tiketi anakuja kuniona mimi."

Ustadh Murad akakohoa. "Tunaweza kukubandika ya bandia, kidogo tu, ile nundu..."

"Kwenye uso huu?"

Kila mtu pale, isipokuwa Abdel-Shafi, alijua kwamba pua ya Gilan ilitengenezwa Beirut na ikagharimu bei ya gari. Hakuna aliyelisema. Gilan akavaa miwani yake, akampapasa Wiam shavuni, akatoka, na manukato yakabaki kuwasimamia.

Haitham akawavuta baba na binti hadi ukumbini, karibu na jagi la maji.

"Fundi, usinielewe vibaya. Tunamtaka Wiam. Tunamtaka yeye hasa. Kuna daktari rafiki wa mtayarishaji, kazi yake ndiyo hiyo, anawafanyia waigizaji wakubwa wakubwa. Hamtatoa hata piasta. Siku chache tu za kufunga bendeji."

Abdel-Shafi alichelewa kuelewa. Alidhani ni poda. "Bendeji ya nini?"

"Ya pua."

"Mnataka kumkata?"

"Kumrekebisha, Fundi."

"Pua ya mwanangu ina kosa gani hata irekebishwe?"

"Haina kosa," akasema Haitham, naye akaona aibu ya maneno yake mwenyewe. "Ndiyo maana tulimchagua."

*

Inshirah alipoambiwa, alijipiga kifuani mara moja, pu, akakaa chini palepale jikoni juu ya mfuko wa vitunguu.

"Wamerogwa? Uso wa binti wa watu? Kwani wao ndio waliouumba?"

"Ndivyo nilivyowaambia," akasema Abdel-Shafi, ambaye hakuwa amewaambia.

"Hatutaki. Wakatafute kwingine."

"Nami nasema hivyo hivyo."

Mlango wa pili ukasikika ukifunguliwa, na sauti ya Mama Zanati ikaingia kabla yake: "Mama Wiam! Kamera zinaanza lini? Nimekwishamwambia dada yangu aliyeko Tanta, anakuja na watoto wake kumwona. Na mume wangu ameapa ataandika jina la binti kwenye teksi yake!"

"Karibuni tu, inshallah," akajibu Inshirah, akiwa bado amekalia vitunguu.

Mlango ulipofungwa, alimtazama mumewe kwa macho ya mtu aliyeanguka kisimani akamwona mwenzake naye yumo. "Na sharbati, Abdel-Shafi? Jengo zima wamekunywa sharbati yangu. Nitapita vipi kwenye ngazi?"

Tangu hapo mazungumzo yalibadilika njia, na hakuna aliyeweza kusema ni nani aliyeyageuza. Inshirah alianza kukumbuka mambo. Alikumbuka mtoto wa mwenye duka la dawa, aliyekuja kumposa Wiam, mama yake akamtazama binti upande mmoja, akanywa chai, wasirudi tena. Alikumbuka siku ngapi Wiam amerudi kutoka shule akilia. Alisema siku hizi hata mabinti wa majaji wanafanya, tena wanajilipia.

Bi Tafida alisikiliza yote hayo kutoka kwenye kochi lake, tasbihi mkononi.

"Pua hii," akasema, akiigusa, "babu yake Wiam aliifuata kutoka Banha kwa miguu. Alipokufa, Mungu amrehemu, maneno yake ya mwisho yalikuwa nisogee karibu aione. Nyinyi mnataka kuitia kisu kwa sababu ya mwanamke wa sabuni."

"Mama, hakuna aliyesema kisu," akasema Abdel-Shafi.

"Sasa wataitoa kwa kitu gani? Kwa kijiko?"

Wiam alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa msichana wa maneno machache. Ukiitwa Birika miaka kumi unajifunza kutofungua kinywa ovyo. Akasema, "Baba, wewe unasemaje?"

"Wewe unatakaje, binti yangu?"

"Nimekuuliza wewe."

Alimtazama moja kwa moja, na Abdel-Shafi akaiona pua yake mwenyewe, ile anayonyoa chini yake kila asubuhi, ikimsubiri katika uso wa mtoto. Neno lilikuwa moja tu, na jepesi. Angesema, "Uso wako ni wako na wangu, hauguswi," na mambo yangeisha. Inshirah angelia siku mbili, Mama Zanati angecheka wiki moja, na maisha yangeendelea. Alilijua hilo. Alilijua akiwa amekaa pale, na bado akainamisha macho akaanza kunyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja chake.

"Madaktari wa siku hizi ni hodari," akasema.

Wiam akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei akaelewa. "Haya," akasema.

Kwa kuwa hajatimiza miaka kumi na minane, ilibidi baba atie sahihi hospitalini. Abdel-Shafi alitia.

*

Bendeji zilitoka, uvimbe ukashuka, na ikaonekana pua ndogo, nyoofu, safi, ambayo isingemfanya mtu yeyote ageuke barabarani. Inshirah alikuwa ameandaa kigelegele, lakini hakukipiga. Alimzunguka binti yake, akasema mashallah, akasema tena mashallah, kisha akaingia jikoni akafungua bomba la maji likamwagika muda mrefu.

Bi Tafida alianza kumwita mjukuu wake "binti" badala ya jina.

Gilan Zaki alituma ujumbe kwa simu ya Haitham: *Sasa ndiyo mimi.* Wakampiga Wiam picha mpya, wakaibandika mahali pa ile ya zamani. Majirani walipanda na kushuka kuja kuangalia. Mama Zanati akasema, "Wallahi kama wa televisheni," akamtazama tena, akaongeza, "ila ile ya kwanza tulikuwa tumeizoea."

Mchana mmoja Abdel-Shafi alikuwa dukani, pasi inatoa mvuke, jua la mlangoni likimpiga machoni. Msichana akaingia akiwa na mfuko mkononi. Abdel-Shafi akatabasamu tabasamu lake la wateja.

"Karibu, mwanangu. Ni za kupiga pasi tu au za kufua pia?"

Msichana akaweka mfuko juu ya meza. Kulikuwa na harufu ya mchuzi wa majani ya mulukhiya.

"Ni chakula chako, Baba," akasema.

Abdel-Shafi akashika ukingo wa meza. Alitaka kusema ni jua, alitaka kusema ni mvuke, na vyote viwili vilikuwa kweli, lakini Wiam alikuwa amekwisha kutoka. Chakula kile hakikuliwa.

*

Haitham alipotea. Simu yake ikawa inaita tu. Kisha siku moja akatokea dukani na mashati yake begani, macho hayatulii. Bi Tafida alikuwa amekaa nje kwenye kiti, anaota jua la baridi. Wiam alikuwa ndani, amemletea baba yake chai. Siku hizi kila akiingia alitangulia kusema "Ni mimi," na Abdel-Shafi kila mara alijibu "Najua," na wote wawili wakaumia upya.

"Fundi," akasema Haitham. "Mungu ndiye mpangaji."

"Sema."

"Bibi Gilan amejitoa."

Ilikuwa ni ugomvi wa bango. Bango huandikwa majina ya waigizaji kwa Kiarabu, kinachosomwa kutoka kulia, na jina la kulia ndilo macho yanaloanza nalo. Gilan alitaka kulia. Mchekeshaji mmoja mzee, anayecheza baba wa Nazima, naye alitaka kulia, akasema alikuwa kulia wakati mama yake Gilan bado hajaolewa. Wakapendekeza mmoja awe kulia na mwingine awe juu. Wakagombania juu. Wakapendekeza majina yazunguke kama duara. Gilan akauliza duara linaanzia wapi. Akapanda ndege akaenda zake Dubai.

"Kwa hiyo hakuna filamu?" akauliza Abdel-Shafi.

"Ipo. Tumempata Samah Wahdan badala yake." Haitham akasahau huzuni kidogo, uso ukamng'aa. "Fundi, ungemwona! Pua yake ni ya Mungu, haijaguswa, nundu ile ile, Nazima mtupu. Ustadh Murad alipomwona alitokwa na machozi. Alisema huu ndio uaminifu kwa..." Akamwona Wiam amesimama na birika la chai mkononi. Akakatika.

Abdel-Shafi alisikia maneno yote, kila moja kwa nafasi yake, lakini hayakukubali kukaa pamoja kichwani mwake.

"Na huyu?"

"Hafanani naye tena, Fundi."

"Hafanani na nani?"

"Na Samah. Na..." Haitham akameza mate. "Wala na Nazima. Tumepata msichana mwingine, wa Imbaba. Mnielewe. Ile arabuni tuliyowapa hatuwadai, bakini nayo."

"Basi mrudishieni."

"Mrudishieni nini?"

"Pua yake," akasema Abdel-Shafi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayedai shati lililopotea. "Nyinyi ndio mlioichukua. Irudisheni."

Haitham aliweka mashati mezani, akatoa noti ya pauni mia mbili, ambayo ilikuwa mara kadhaa ya bei ya mashati yale. "Chenji kaa nayo," akasema, na alipoisikia sauti yake mwenyewe masikio yakamwiva. Akageuka atoke.

Mlangoni akasimama. Bi Tafida alikuwa ameelekeza uso kwenye jua, upande, macho amefumba. Nundu ya pua yake ilichora kivuli shavuni. Haitham akaitazama kama mwenye njaa anavyotazama mkate, mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe, simu ikatoka.

"Hajjat," akasema polepole. "Hebu usigeuke. Umewahi kuigiza?"

Bi Tafida akafumbua macho. Alikuwa amesikia yote. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko watu walivyodhani.

"Nikikubali mimi," akasema, "huyu mjukuu wangu atacheza nani?"

"Hajjat, yeye... hatacheza."

Bi Tafida akavuta ushungi wake mweusi, akaupitisha juu ya pua, akabaki macho tu. "Basi nenda, mwanangu. Hapa tumefunga."

Haitham akaenda. Hakurudi kuyachukua mashati.

Abdel-Shafi, kwa kuwa mikono haikujua kazi nyingine, alitandaza shati la kwanza juu ya ubao. Akapiga funda la maji kujaza kinywa, akainama alipulize. Wiam alikuwa bado amesimama kando ya meza.

"Baba," akasema. "Nikija kuzaa mtoto wa kike, watu watamtazama waseme kafanana na nani?"

Kinywa kilikuwa kimejaa. Hakuweza kuyapuliza maji wala kuyatema. Alimtazama binti yake, uso ule mzuri wa mtu asiyemjua, na macho ambayo bado yalikuwa ya Wiam. Akayameza maji yote, yakashuka kwa uchungu.

"Atafanana na mimi," akasema. "Na bibi yako."

Wiam akakubali kwa kichwa, akakusanya bilauri na birika.

"Basi kwa huyo, Baba," akasema, "usitie sahihi."